MAJI YA KESHO, CHEMSHA LEO
Somo la maji ya kunywa safarini porini

Leo tutajifunza juu ya maji ya kunywa safarini. Hatusemi safari ya basi. Tunasema safari ya porini. Ni safari ya mwindaji mwenye leseni. Ni safari ya mrina asali. Ni safari ya mchungaji anayehamisha ng'ombe, na ya mchimbaji anayekwenda kwenye machimbo mapya. Wote hawa hulala porini. Wote hunywa maji wanayoyakuta.

Soma somo hili polepole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwisho wa somo kuna maswali. Yajibuni pamoja.

SAFARI YA WATU WANNE

Watu wanne wa kijiji kimoja waliondoka kwenda msituni kurina asali na kuwinda. Ulikuwa mwezi wa 9. Mito ilikuwa imekauka. Walichukua unga, chumvi, sufuria, mashoka na baiskeli mbili. Maji walichukua dumu moja la lita 20. Walisema, "Yakiisha tutapata mengine mbele."

Siku ya pili asubuhi dumu lilikuwa tupu. Walitembea juani mchana kutwa. Jioni walikuta dimbwi. Karibu na dimbwi palikuwa na kambi ya wachimbaji waliokwisha hama. Maji yalikuwa maangavu, hayana harufu. Walikunywa hapo hapo kwa viganja. Kisha wakajaza dumu. Usiku waliwasha moto, wakapika ugali, wakaota moto mpaka wakalala. Maji ya dumu hawakuyachemsha.

Siku ya nne kijana mdogo kuliko wote alianza kuhara. Choo chake kilikuwa maji matupu, kama maji yaliyooshewa mchele. Akaanza na kutapika. Aliomba maji. Wenzake walimnyima. Walidhani akinywa atazidi kuhara. Walimfunga kwenye baiskeli, wakatembea usiku kucha.

Walipofika zahanati, macho ya kijana yalikuwa yamezama. Mikono yake ilikuwa baridi. Ukiibana ngozi ya tumbo lake, ilibaki imekunjamana, hairudi upesi. Tulimtundikia dripu. Alipoweza kumeza tukampa maji ya chumvi na sukari. Alipona.

Lakini habari haikuishia hapo. Nguo alizozichafua zilifuliwa kando ya kisima cha kijiji. Baada ya siku 3 watoto wawili wa jirani waliletwa zahanati. Walikuwa wanahara vile vile. Mmoja alikuwa amecheleweshwa nyumbani. Alikufa.

Maji yalinywewa porini. Msiba ulitokea nyumbani. Kwa hiyo somo hili si la wale wanaokwenda porini tu. Ni la kijiji kizima.

VIJIDUDU VILITOKA WAPI?

Dimbwi lile lilikuwa mbali na kijiji. Lakini halikuwa mbali na watu. Wachimbaji walikuwa wamekaa pale. Hawakuchimba choo. Walijisaidia vichakani. Upepo, nzi, miguu na mvua chache zilipeleka kinyesi dimbwini. Katika kinyesi cha mgonjwa mmoja mna vijidudu vingi mno. Vijidudu ni viumbe hai vidogo sana. Macho yetu hayawezi kuviona. Ndiyo sababu maji yale yalionekana safi.

Kumbuka jambo hili: maji maangavu si lazima yawe maji salama. Na maji yanayotembea si lazima yawe salama. Mto unapita kwenye vijiji na mazizi ya watu wengine kabla haujafika kwako.

Maji machafu huleta kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na minyoo. Kipindupindu tunakifahamu Tanzania. Mwaka 1997 peke yake watu zaidi ya 40,000 waliugua ugonjwa huu nchini, na zaidi ya 2,200 walikufa. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 mlipuko mwingine ulianza Dar es Salaam, kisha ukaenea katika mikoa mingi.

Mafunzo ya maji na choo si mapya kwetu. Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu, wakachimba vyoo. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yanakuja kwa bomba kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, mpaka miji ya Kahama na Shinyanga. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini bomba haliingii katika misitu ya miombo ya Bukombe, Mbogwe na Ushetu. Huko mtu hujitegemea mwenyewe.

JAMBO LA 1: FANYA HESABU KABLA YA KUONDOKA

Mtu anayetembea juani siku nzima anahitaji maji ya kunywa yapatayo lita 4 hadi 6. Akibeba mzigo mzito au akichimba, anahitaji zaidi. Sisi tutatumia lita 5.

Sasa tufanye hesabu ya wale watu wanne:

Watu 4 mara lita 5 ni lita 20 kwa siku moja.

Dumu lao lilikuwa la lita 20. Kwa hiyo dumu lile lilikuwa la siku moja tu. Wao walikwenda safari ya siku nyingi. Kiu yao haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa hesabu ambayo haikufanywa.

Kama safari ni ya siku 3, hesabu ni hii:

Watu 4 mara lita 5 mara siku 3 ni lita 60. Hayo ni madumu 3.

Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita 60 ni kilo 60. Mtu mmoja hawezi kuzibeba kichwani. Lakini baiskeli mbili zinaweza. Na hapo hatujahesabu maji ya kupikia ugali. Ikiwa hamwezi kubeba maji yote, bebeni ya siku ya kwanza na ya pili. Halafu bebeni vitu vya kusafishia maji mtakayoyakuta.

Wekeni sheria moja katika kundi lenu. Maji yakifika nusu, na mbele hamjui penye maji, geuzeni. Asali itangoja. Mnyama atapatikana siku nyingine. Kiu haingoji.

Tena, usijinyime maji wakati unayo. Wengine hubania maji yaliyo katika kibuyu huku mwili unakauka. Kunywa kidogo kidogo mara kwa mara. Angalia mkojo wako. Ukiwa na rangi hafifu, maji yanatosha. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mwili umepungukiwa na maji. Na usidanganyike na pombe. Pombe haikati kiu. Inazidi kuutoa maji mwili.

JAMBO LA 2: CHAGUA CHOMBO

Chombo kizuri cha safari kina mambo matatu. Kina mdomo mwembamba, ili mikono isiingie. Kina kifuniko. Na hakijawahi kuwekwa sumu.

Kibuyu cha wazee wetu kina mdomo mwembamba. Ni chepesi kubeba. Lakini ndani yake hushika uchafu. Kabla ya safari tia maji ya moto na kokoto ndogo safi, tikisa sana, mwaga, kisha rudia. Kianike kikauke kabisa.

Dumu la plastiki nalo ni zuri. Lioshe ndani kwa njia hiyo hiyo ya kokoto, ila kwa sabuni na maji yasiyo moto sana. Usichote maji ya kunywa kwa kikombe cha kila mtu. Inamisha dumu, mimina.

Sasa sikiliza sana hapa. Sisi watu wa Shinyanga na Geita tunalima pamba. Dawa ya kuua wadudu wa pamba huja katika chupa na galoni za plastiki. Zikiisha dawa, wengine huziosha na kuzitia maji ya kunywa, au mafuta, au maziwa. Jambo hili ni hatari kubwa. Sumu huingia ndani ya plastiki yenyewe. Hata ukiosha kwa sabuni mara 10, haitoki yote. Ukitia maji, sumu hutoka pole pole ndani ya maji.

Ni vivyo hivyo kwa vyombo vya zebaki, sianidi na dizeli. Usiokote dumu machimboni na kulifanya la maji. Hujui lilibeba nini. Kabla ya kununua dumu lililotumika, uliza lilikuwa la nini. Soma maandishi yake. Ukiona picha ya fuvu la kichwa, liache. Chupa tupu ya dawa ya pamba itoboe, ili mtu mwingine asije akaitumia, wala usiichezee kwa mikono mitupu. Muulize bwana shamba mahali pa kuitupa.

JAMBO LA 3: CHAGUA MAJI

Porini maji si ya namna moja. Yako yaliyo afadhali, na yako ya kuyaacha.

Maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi ndiyo ya kwanza kwa ubora. Yafuatayo ni maji ya chemchemi, pale yanapotoka ardhini. Halafu ni maji ya kuchimba katika mchanga wa mto uliokauka. Ukichimba, chota na kumwaga maji ya kwanza. Subiri mengine yaingie pole pole. Mchanga huyachuja kiasi, lakini hauui vijidudu vyote. Maji ya mwisho ni ya lambo na dimbwi, pale ng'ombe na wanyama wa mwitu wanaponywa na kunya.

Usiseme, "Mbona swala wanakunywa na hawafi?" Tumbo la swala si tumbo lako. Tena, swala haendi kuugulia nyumbani kwa watu.

Usichote maji penye mzoga. Usichote chini ya kambi ya watu. Usichote penye povu la rangi ya ajabu, au mahali ambapo chura na samaki wamekufa.

Usiingie majini kwa miguu unapochota. Katika malambo na majaruba yetu wamo konokono wanaotoa vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivi hupenya ngozi. Simama pakavu, funga kopo kwenye fimbo, chota.

JAMBO LA 4: SAFISHA MAJI

Kazi ya kusafisha maji ina hatua tatu. Tuliza, chuja, ua vijidudu. Usiruke hatua.

Hatua ya kwanza ni kutuliza. Maji yenye tope yaache katika chombo mpaka tope lishuke chini. Yakikaa usiku kucha ni bora zaidi. Kisha mimina ya juu taratibu katika chombo kingine.

Hatua ya pili ni kuchuja. Tumia kitambaa cha pamba kilichofuliwa, kama kipande cha khanga ya zamani. Kikunje mara 4 au zaidi, mimina maji juu yake. Kitambaa cha zamani ni bora kuliko kipya, kwa sababu nyuzi zake zimelegea na matundu yake yamekuwa madogo. Katika vijiji vya Bangladesh wanawake walifundishwa kuchuja maji kwa nguo ya sari iliyokunjwa hivyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Kipindupindu kilipungua karibu nusu. Nusu ni nyingi. Lakini nusu nyingine ilibaki. Kwa hiyo kitambaa peke yake hakitoshi.

Hatua ya tatu ni kuua vijidudu. Ziko njia tatu. Chagua moja.

Njia ya moto. Hii ndiyo njia ya uhakika kuliko zote. Weka maji kwenye sufuria, funika, chemsha. Ngoja mpaka maji yote yatokote kwa kububujika, si moshi tu wala mapovu madogo ya pembeni. Yakishatokota hivyo, hesabu dakika 1. Inatosha. Watu wengi wamezoea kusikia dakika 10 au 20, kwa hiyo wanaona kuni zitaisha, wanaacha kabisa. Katika nchi yetu hii ya Shinyanga na Geita, dakika 1 ya kutokota sana inaua vijidudu vya magonjwa tuliyoyataja. Yaache yapoe katika sufuria ile ile, yakiwa yamefunikwa. Kama hupendi ladha yake, yamimine mara kadhaa kutoka chombo safi kimoja hadi kingine. Hewa itaingia na ladha itarudi.

Kumbuka wale watu wanne. Usiku ule walikuwa na sufuria. Walikuwa na kuni. Walikuwa na moto unaowaka mpaka wakalala. Kitu kilichokosekana ni desturi. Shika desturi hii: ugali ukiiva, sufuria ya maji ipande motoni. Maji ya kesho, chemsha leo. Asubuhi yatakuwa yamepoa, na safari haitachelewa. Kisha zima moto wote kwa mchanga kabla ya kuondoka, msituni msije mkachoma mizinga ya wenzenu.

Njia ya dawa. Madukani na katika maduka ya dawa kuna vidonge vya kusafishia maji, kama vile WaterGuard. Pakiti ni nyepesi, inaingia mfukoni. Vidonge hivi ni vya nguvu mbalimbali. Vingine ni vya lita 20, vingine ni vya maji machache. Hapa ndipo elimu yako ya kusoma inapokuokoa. Soma maandishi ya pakiti: kidonge kimoja ni cha lita ngapi, na usubiri dakika ngapi. Mara nyingi ni dakika 30. Usinywe kabla muda haujatimia. Dawa hufanya kazi vizuri katika maji maangavu. Katika tope hushindwa, kwa sababu dawa hula tope badala ya vijidudu. Harufu kidogo ya dawa isikuogopeshe. Ni alama kwamba dawa bado inalinda maji. Usimeze kidonge chenyewe.

Njia ya jua. Tumia chupa ya plastiki isiyo na rangi, safi, isiyokwaruzika sana, na isiyozidi lita 2. Jaza maji maangavu, funga. Ilaze juani, juu ya bati au jiwe, tangu saa 3 asubuhi mpaka saa 9 alasiri. Hizo ni saa 6. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku 2 nzima. Siku ya mvua, usitumie njia hii. Njia ya jua inamfaa zaidi anayekaa kambini, si anayetembea mchana kutwa.

Utajuaje kama maji ya chupa ni maangavu ya kutosha? Chukua gazeti hili unalolisoma. Liweke chini. Simamisha chupa iliyojaa juu ya kichwa cha somo hili. Tazama kutoka juu, kupitia mdomo wa chupa. Ukiweza kusoma maneno MAJI YA KESHO, maji yanafaa kwa jua. Ukishindwa kusoma, yatulize na kuyachuja tena, au yachemshe.

JAMBO LA 5: MAJI YASIYOSAFISHIKA KWA MOTO

Ndugu msomaji, hapa ndipo watu wa ukanda wa dhahabu wanapokosea. Wamefundishwa kuchemsha, basi wanadhani moto unatibu maji yote. Sivyo.

Katika machimbo madogo ya Geita, kama Rwamagasa, Nyarugusu na Mgusu, wachimbaji wamekuwa wakikamata dhahabu kwa zebaki. Mawe husagwa kwenye karasha. Mchanga huoshwa kwenye mwalo. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu. Baadaye huchomwa, dhahabu ikabaki. Sehemu ya zebaki hubaki katika marudio na katika maji ya mwaloni. Wengine huyaosha marudio kwa sianidi. Vyote viwili ni sumu.

Moto huua vijidudu kwa sababu vijidudu ni viumbe hai. Sumu si kiumbe hai. Haifi. Ukichemsha maji ya mwaloni, maji hupungua kwa mvuke, na uchafu wa madini hubaki katika maji machache. Tena moshi na mvuke wa zebaki ukiuvuta, huingia mapafuni. Vidonge havitoi zebaki. Jua haliitoi. Kitambaa hakiitoi.

Zebaki haimwangushi mtu siku ile ile kama kipindupindu. Huharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo pole pole. Mikono hutetemeka. Mtoto aliye tumboni huweza kuharibika kabla hajazaliwa. Huko Minamata, nchini Japani, kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini. Samaki walizila, watu wakawala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956. Watu wengi walilemaa na kufa. Kwa ajili hiyo mataifa yalifanya Mkataba wa Minamata mwaka 2013 wa kupunguza matumizi ya zebaki. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Basi ufanye nini ukiwa katika nchi ya machimbo?

(a) Usinywe maji ya mwalo, ya shimo la sianidi, wala ya duara lililoachwa, hata kama ni maangavu.

(b) Chota juu, upande maji yanakotoka, kabla hayajafika machimboni. Hata hayo yachemshe.

(c) Uliza wenyeji wanachota wapi maji ya kunywa. Kuuliza si ujinga.

(d) Kama huna hakika, beba maji ya nyumbani. Uzito wa dumu ni mdogo kuliko uzito wa ugonjwa.

(e) Usitumie sufuria ya kupikia kuchoma au kubeba zebaki.

JAMBO LA 6: USIACHE UGONJWA NYUMA YAKO

Wale wachimbaji waliohama hawakuwajua wale watu wanne. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini waliwaachia ugonjwa. Na wewe utakapohama kambi, mwenzako atakuja nyuma yako.

Chagua mahali pa choo hatua 100 au zaidi kutoka kwenye maji, na upande wa chini. Chimba shimo kwa jembe. Kila mtu afukie baada ya kumaliza. Nawa mikono kwa sabuni. Kama huna sabuni, tumia jivu la moto wenu. Nawa tena kabla ya kula na kabla ya kuchota maji. Ukichuna mnyama, usioshee damu wala matumbo kwenye maji ya kunywa.

Ukirudi nyumbani unahara, usifue nguo kisimani wala mtoni. Zifuliwe mbali na maji, zichemshwe au zilowekwe katika dawa. Maji ya kufulia yamwagwe chooni. Mpeleke habari mwenyekiti wa kitongoji na mganga wa zahanati mapema. Kuhara si aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

JAMBO LA 7: MWENZENU AKIANZA KUHARA

Msimnyime maji. Nasema tena: msimnyime maji. Anayehara hufa kwa sababu maji na chumvi zimetoka mwilini. Kumnyima maji ni kumsaidia ugonjwa.

Kama mna pakiti ya ORS, soma maandishi yake na kuichanganya katika maji salama kama yanavyosema. Pakiti hizi hupatikana zahanati na katika maduka ya dawa. Chukueni mbili au tatu katika kila safari. Kama hamna, tengenezeni hivi:

Maji salama lita 1.
Sukari vijiko vidogo 6, vilivyosawazishwa.
Chumvi nusu ya kijiko kidogo, iliyosawazishwa.

Kijiko ni kile cha chai. Koroga mpaka viyeyuke. Onja. Maji yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mpe anywe baada ya kila kuhara. Akitapika, subiri dakika 10, halafu mpe tena kidogo kidogo. Msingoje apate nafuu ndipo muondoke. Mpelekeni zahanati huku anakunywa njiani. Mkimaliza siku nzima, mwageni yaliyobaki na kutengeneza mengine.

Jueni dalili za hatari. Macho yamezama. Hapati mkojo. Mikono ni baridi. Amelegea, hawezi kunywa. Mkiona moja ya hizi, hakuna kungoja asubuhi.

KABLA YA KUONDOKA, HESABU VITU HIVI

1. Leseni au kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila leseni. Anayejificha askari huogopa pia kutoka porini kutafuta tiba.
2. Maji ya hesabu, katika vyombo visivyo na sumu.
3. Sufuria yenye kifuniko, na kiberiti kilichofungwa kisilowe.
4. Kitambaa safi cha kuchujia.
5. Vidonge vya maji.
6. Pakiti za ORS, au sukari, chumvi na kijiko.
7. Jembe na sabuni.
8. Mtu wa kijijini anayejua mmekwenda wapi na mtarudi siku gani.

Yule kijana aliyepona bado anakwenda kurina asali. Siku hizi baiskeli yake ina madumu mawili, na sufuria imefungwa juu yake. Wenzake walimcheka mwanzoni. Sasa usiku wakimaliza kula, ni wao wanaomuuliza, "Maji ya kesho yamepanda?"

Nawe ukienda porini, uliza hivyo hivyo.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Wale watu wanne walikosea mambo gani? Taja 4.
2. Watu 3 wanakwenda porini siku 2. Kila mmoja anahitaji lita 5 kwa siku. Wachukue lita ngapi? Ni kilo ngapi?
3. Kwa nini kitambaa peke yake hakitoshi?
4. Kwa nini kuchemsha hakufai kwa maji ya mwaloni?
5. Mtoto wa jirani alikufa ingawa hakwenda porini. Elezeni ugonjwa ulivyomfikia.

KAZI YA KUFANYA

Wiki hii kila mwanakikundi atazame vyombo vya maji nyumbani kwake. Je, kuna chupa au galoni iliyokuwa na dawa ya pamba? Kama ipo, iondolewe siku hiyo hiyo. Katika mkutano ujao, kila mmoja aeleze alichokikuta.